Maharage Yaliyochelewa

Nilirudi kazini mwishoni mwa Agosti, kabla likizo yangu ya uzazi haijaisha. Mtoto wetu wa kike alizaliwa Julai katika hospitali moja ya Bukoba mjini, mimba ikiwa imepita miezi minane, na hakulia. Muuguzi aliniuliza kama ninataka kumwona. Nikasema ndiyo. Alinipa nimshike kwa muda ambao mpaka leo siwezi kusema ulikuwa mrefu au mfupi. Kisha mume wangu na shangazi yake wakamchukua kwenda kumzika Muleba, kwenye kibanja, shamba la migomba la wazazi wake, mimi nikabaki kitandani na dripu mkononi.

Maziwa yalikuja siku ya tatu. Mama yangu alinifunga kanga kifuani kwa nguvu, akaniambia nisiyaguse, yatakauka yenyewe. Yalikauka. Watu walikuja nyumbani kwetu Rwamishenye kutupa pole, wakakaa sebuleni na kuzungumza habari za barabara, za bei ya kahawa, za mchungaji aliyehamishwa. Wakati wa kuondoka walinishika mkono kwa mikono miwili na kusema Mungu atatoa mwingine. Hakuna aliyeuliza lolote kuhusu huyu aliyekuwapo. Sikuwalaumu. Hata mimi sikuwa na jambo la kusema juu yake.

Mama alitaka nipumzike hadi Oktoba. Nilimwambia nyumbani hakuna kazi, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nikiamka, ninaosha vyombo vilivyo safi, ninakaa. Sikulia na sikukosa usingizi. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unakanyaga nao na unakubeba, ila huusikii.

Nilikuwa bibi shamba wa kata moja upande wa Nshamba. Mume wangu ni mwalimu, na nyumba yetu iko mjini. Siku za kazi nililala katika chumba cha kupanga karibu na soko la Nshamba, na Ijumaa nilipanda gari kurudi nyumbani. Siku niliyoripoti, mkuu wangu wa kazi alinitazama kidogo, akafungua droo, akanipa kijitabu cha mwongozo na karatasi za kujaza.

"Wadudu wa maharage," alisema. "Masika iliyopita walimaliza maharage ya vitongoji vitatu. Waelimishe watu kabla mvua haijaanza."

Mdudu huyo nilimjua tangu utoto, kama kila mtu kwetu. Ni mbawakawa mdogo, hafikii ukubwa wa harage lenyewe, mgongo wake unang'aa rangi ya chungwa lililoiva, na wengine wana weusi mabawani. Hana haja na mgomba, mahindi hayagusi, viazi hapandi. Chakula chake ni maharage, na akikosa maharage ni kunde. Hutoboa jani katikati ya mishipa mpaka libaki kama chekecheke. Jike hutaga kwenye udongo karibu na shina, na watoto wake wakianguliwa hula mizizi. Mmea unageuka njano na kudumaa, na wengi hudhani umekosa mvua. Wanaokomaa mwisho wa msimu hawatoki. Hukaa chini ya ardhi kiangazi kizima, na mvua ya kwanza ikiloweka udongo, hutoka wote kwa pamoja wakiwa na njaa.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Walikuja wanawake zaidi ya arobaini na wanaume wachache. Kwetu migomba na kahawa ni mali ya baba, lakini maharage ni ya mama. Yeye ndiye anayeyapanda katikati ya migomba na kwenye omusiri, lile shamba dogo la pembezoni karibu na nyasi. Kwa hiyo walinisikiliza vizuri. Niliwasomea mwongozo na kueleza kwa Kihaya pale Kiswahili kilipokuwa kigumu. Niliwaambia wachimbe udongo baada ya kuvuna ili wadudu waliolala wafe kwa jua na kuliwa na kuku. Niliwaambia wasipande maharage palepale kila msimu. Kisha nikawaambia jambo kubwa la mwaka ule: wasipande na mvua ya kwanza. Wasubiri. Wadudu watoke wakute hakuna kitu, wafe kwa njaa au waende zao, ndipo wapande.

Mwanamke mmoja mzee aliyeketi mbele, amejifunga kitenge cha kijani, aliinua mkono.

"Tusubiri siku ngapi, waitu?" aliuliza, akiniita kwa heshima ya Kihaya.

"Wiki mbili tangu mvua ya kwanza," nilijibu. "Tatu ni bora zaidi."

"Jumapili tatu," alisema, kama anayejiambia mwenyewe.

Chini ya ukurasa niliokuwa nikiwasomea palikuwa na maneno mengine. Yalisema kwamba njia hii inafaa pale tu ambapo wakulima wa eneo zima wanachelewa pamoja, kwa sababu mbawakawa anaruka, na akikuta maharage kwa jirani atakula huko, atanenepa, atazaa, kisha atavuka mpaka. Niliyaona maneno hayo. Macho yangu yalipita juu yake kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sikuyasoma kwa sauti. Sina sababu ya kutoa. Nilikuwa nimefika chini ya ukurasa na nilitaka kukaa. Niliwashukuru kwa kuja, nikakaa.

Mvua ilianza wiki ya pili ya Septemba. Kesho yake asubuhi mteremko mzima ulijaa watu na majembe. Mkulima wa kwetu akisikia mvua ya vuli imegonga bati, huwezi kumweka nyumbani. Mama yake alipanda hivyo na bibi yake alipanda hivyo. Nilipita na pikipiki ya ofisi nikawaona. Walionikumbuka walinipungia mkono na kuendelea kufukia mbegu.

Yule mama mzee wa kitenge cha kijani alikuwa na nyumba chini kidogo ya barabara. Alikuwa mjane, muumini wa Kikatoliki, watoto wake wameondoka wote. Mmoja alikuwa Bukoba mjini, na wengine mbali zaidi. Omusiri wake ulikuwa umelimwa, udongo umelainishwa vizuri, na hauna kitu. Wiki iliyofuata nilimkuta amesimama kando yake ameshika kiuno.

"Wananicheka," aliniambia niliposimama. "Wanasema mzee amesahau msimu."

"Bado siku ngapi?"

"Jumapili ya kwanza imepita."

Hapo ningeweza kumwambia. Mashamba ya jirani yalikuwa yamepandwa kulia, kushoto na juu. Mtu yeyote aliyesoma kitabu kile mpaka mwisho angeona kilichokuwa kinakuja. Mimi nilisema, "Vizuri, Mae," kama tunavyowaita mama zetu, nikawasha pikipiki.

Oktoba kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Nilichagua mashina kumi katika kila shamba, nikageuza majani moja moja, nikaandika idadi ya wadudu kwenye karatasi. Kwa majirani walikuwa wengi. Wanawake walimwaga majivu asubuhi, au walikung'utia mashina kwenye beseni lenye maji wakati wadudu wamezubaa kwa baridi. Majani yalitobolewa lakini mimea haikufa, kwa sababu ilikuwa imepata mvua mapema na ilikuwa na nguvu. Niliandika. Ilikuwa kazi nzuri kwangu. Unatazama jani, unahesabu, unaandika, unageuza jani jingine.

Maharage ya yule mzee yalichipua mwezi huohuo, wakati ya wenzake yamefika magotini na majani yake yameanza kukomaa. Yake yalikuwa laini, ya kijani kilichofifia. Nilifika siku ya sita baada ya kuchipua na kuinama kwenye shina la kwanza. Wadudu kumi na mmoja. La pili, tisa. Alikuwa amenifuata nyuma, akiinama ninapoinama.

"Wamehamia kwangu," alisema.

"Ndiyo."

"Si ulisema watakuwa wamekufa?"

Nilimwambia aweke majivu. Akaweka majivu. Mwisho wa Novemba mvua ikakata, mapema kuliko kawaida, na maharage yake ndiyo kwanza yalikuwa yanatoa maua. Majirani walivuna pungufu ya miaka mingine, lakini walivuna. Yeye mwaka wa kawaida alijaza madebe matatu kwenye shamba lile. Mwaka huo alipata beseni moja, na nusu yake yalikuwa yamesinyaa. Nilijaza fomu. Kwenye nafasi ya sababu niliandika wadudu na ukame, nikatia sahihi.

Krismasi nilikaa Rwamishenye. Mume wangu alipika pilau, tukaenda ibadani, tukarudi. Tulikuwa tunapendana bado, nadhani, lakini tulikuwa tunapitana ndani ya nyumba kama wapangaji wawili wenye adabu. Aliniuliza kama nimechoka. Nikasema kidogo.

Januari nilitakiwa kuwafundisha watu namna ya kuchimba mashamba yaliyovunwa. Nilifungua mwongozo kutafuta ukurasa, nikaangukia ule wa Agosti. Nikayasoma yale maneno ya chini, sasa kwa sauti, peke yangu ofisini. Sikushtuka. Ningependa kusema moyo ulinienda mbio, lakini haukwenda mbio. Nilifikiri tu kwamba yule mama hajui, na kwamba anapaswa kujua. Nikafunga ofisi, nikaenda.

Nilimkuta akitandaza nyasi kwenye migomba. Alinisalimia kwa Kihaya, akaingia ndani na kurudi na kibakuli cha kahawa ya kutafuna, tukaketi kwenye mkeka mlangoni.

"Mae, nimekuja kukwambia jambo," nilisema. "Siku ya mkutano kuna maneno sikuyasoma. Kitabu kilisema mkichelewa, mchelewe wote. Mmoja akichelewa peke yake, wadudu wa wenzake watamjia yeye."

Alitafuna kahawa yake mpaka ikaisha.

"Uliyasahau?"

"Hapana. Niliyaona nikayaacha."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nilitaka kukaa."

Kuku alipita katikati yetu, naye akamfukuza kwa mkono.

"Septemba ulisimama pale," alisema, akionyesha barabara kwa kidevu. "Ungeniambia pale, ningepanda siku ileile."

"Ndiyo."

"Wenzangu wamenicheka msimu mzima. Nilikuwa nawaambia, subirini mtaona. Nimekasirika, usidhani sijakasirika."

"Najua, Mae. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Aliinuka, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaniwekea mbele.

"Bega langu linauma. Kitabu chako si kinasema tuchimbe? Chimba."

Nilivua viatu vya kazini, nikaenda nikachimba. Udongo ulikuwa umekauka juu lakini chini bado una unyevu. Kwenye kina cha kiganja walianza kuonekana, mmoja mmoja, rangi ileile ya chungwa, miguu imekunjwa. Yeye alikuja nyuma yangu na kijiti, akiwachokoa juu, na kuku wakaja bila kuitwa. Tulikwenda hivyo mistari sita au saba. Nilikuwa sijashika jembe tangu mimba ilipokuwa kubwa, na malengelenge yalianza viganjani.

Nilipofika mwisho wa mstari na kugeuka, aliniuliza, "Alikuwa na nywele?"

"Nani?"

"Mtoto."

Sikujua kwamba anajua. Labda wote walijua tangu Agosti. Nshamba si mji mkubwa, na walikuwa wameniona na tumbo. Nilisimama na jembe mkononi.

"Nyingi," nilisema. "Nyeusi, zimelala mpaka shingoni."

"Na vidole?"

"Virefu. Vya baba yake."

"Mlimpa jina?"

"Ndiyo."

"Nani?"

Nikamtajia. Alilirudia mara moja, taratibu, kama mtu anayepokea jina la mgeni ili asilikosee kesho. Kisha akaangalia sehemu iliyobaki ya shamba.

"Mistari mitatu," alisema. "Maliza, uje ule."

Nilimaliza. Sikulia, na yeye hakuwa akinitazama kuona kama nitalia. Tulikula ndizi na dagaa, na maharage hayakuwepo.

Ijumaa hiyo nilimweleza mume wangu. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, mimi nimeketi kwenye kigoda, mikono imefungwa kitambaa kwa sababu ya malengelenge. Nilimwambia kuhusu ukurasa, kuhusu shamba, na kuhusu maswali ya yule mama. Alisikiliza bila kuacha kumenya. Nilipomaliza aliweka kisu chini.

"Mimi nilimwona," alisema.

"Wapi? Hospitali ulikuwa nje."

"Njiani. Nilimpakata mimi. Tulipofika Muhutwe nilimwomba dereva asimame, nikamfunua. Shangazi alisema nisifanye hivyo. Nilimtazama mpaka dereva akasema twende."

"Hukuniambia."

"Nilingoja uniulize."

"Na mimi nilingoja," nilisema, ingawa sikuwa na hakika kama ni kweli. Sidhani kama nilikuwa ninangoja chochote.

Alianza kulia, hapohapo amesimama, na utomvu wa ndizi mikononi. Nilimshika kiwiko. Nilikuwa ninaona kwamba hili ni jambo kubwa, kama unavyoona mtu anazungumza nyuma ya kioo. Alipomaliza alinawa kwa mafuta ya kupikia ili utomvu utoke, akaendelea na ndizi zilizobaki. Lakini tangu siku ile tulikuwa tunaweza kumtaja, hata kwa jambo dogo. Alikuwa akisema, "Sasa angekuwa anakaa," nami ninajibu, "Angekuwa anakaa," na chakula kinaendelea.

Februari, kabla ya masika, nilimwomba yule mzee anipeleke kwenye sala ya jumuiya yao ya Kikatoliki. Mimi ni Mlutheri, lakini walinipa kiti. Baada ya sala nilisimama nikawaambia nilichokiacha Agosti, na kwamba mwenzao aliyechekwa alifanya nilivyomwelekeza, kosa lilikuwa langu. Mwanamke mmoja kijana akasema, "Hata ungesoma, tungepanda. Watoto watakula nini hizo Jumapili tatu?" Wengine wakakubali. Nilisema hilo ni kweli. Basi wakaanza kujadiliana wenyewe, nami nikakaa. Mwisho familia nane za mteremko ule mmoja zilikubaliana kwamba masika hiyo kwenye omusiri wote wataweka mahindi na viazi, na maharage watapanda kidogo tu katikati ya migomba, mbali na pale. Familia mbili zilikataa. Kunde zilizokuwa kwenye mipaka walizing'oa. Kusubiri mvua hakuna aliyetaka kusikia, na sikulisema tena.

Vuli iliyofuata walirudisha maharage kwenye omusiri, wakapanda wote wiki moja. Wadudu walitoka, siwezi kusema hawakutoka. Kwenye mashina yangu kumi nilihesabu wanne, watatu, mara nyingine hakuna. Karibu na zile familia mbili walikuwa wengi zaidi. Mvua iliendelea mpaka Desemba. Yule mzee alipata madebe mawili na nusu, akalalamika kwamba si matatu. Nilimsaidia kuyapiga kwa fimbo uani kwake, maganda yakaruka mpaka kwenye nywele zetu, akanipa sahani ya maharage mapya yaliyochemshwa na chumvi tu. Nililisikia joto lake mdomoni, na chumvi. Nilikula yote.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Bukoba mjini. Mume wangu alikuwa ameniombea uhamisho huo bila kuniambia, nami sikuukataa. Nilikwenda kumuaga yule mama siku ya Alhamisi. Alikuwa akipalilia, na hakuacha.

"Huko mjini wanalima nini?" aliuliza.

"Mboga. Mchicha, chainizi, nyanya kidogo."

"Nazo zina mdudu wake?"

"Zinaye, Mae."

"Basi utakuwa na kazi," alisema, akasogea mstari wa pili, nami nikachukua kijembe kingine tukamalizia pamoja kabla gari halijafika.